Twiga aliyebanduka: kisa cha vifuu vya rangi

Mteja alirudi siku ya pili asubuhi, hata meza hatujamaliza kuipanga. Hakuanza na maneno. Alikiweka kifuu mbele yetu, akapitisha ukucha wa kidole gumba shingoni mwa twiga, na twiga, isipokuwa miguu, akainuka kama ganda la kitunguu: manjano, madoa ya kahawia, jicho na kope zake. Chini yake kifuu kilikuwa cheusi, kinang'aa, kana kwamba hakijawahi kuguswa na brashi. "Nilimnunulia mwanangu," akasema. "Usiku kaanza kumbandua."

Shangazi alimwomba radhi, akamrudishia pesa na kumpa kifuu kingine bure. Yule mama alipogeuka tu, shangazi akavuta kigoda, akaanza kukwangua vifuu vilivyobaki kimoja baada ya kingine, kimya. Kila akikwangua vitatu, viwili vinabanduka.

Hapo ni Sabasaba, barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, na maonesho ndiyo kwanza yameanza. Mimi niliombwa kuja kupokea pesa na kufunga mizigo. Nalitaja hili mapema kwa sababu kuna kosa moja katika kisa hiki ambalo ni langu, na nitalifikia.

Vifuu vya bure

Kikundi cha shangazi kiko Bagamoyo. Ni wanawake saba walioanza kama kikoba cha kuweka na kukopa, kisha wakatafuta kazi ya mikono isiyohitaji mtaji. Kifuu kilikuwa jibu la wazi. Kwenye mji wa pwani nazi hukunwa kila siku, kwa mama lishe, kwa wapika kashata, kwenye kila shughuli ya harusi, na kila nazi inaacha vifuu viwili. Ukiondoa upawa wa kupakulia na kata ya kuchotea maji mtungini, ambazo siku hizi unaziona zaidi kwa bibi zetu kuliko jikoni kwetu, vifuu vingi huishia motoni. Vinawaka upesi na joto lake ni kali. Kwa hiyo ukimwambia mama lishe "usivichome, nitapita jioni na kiroba," anakushangaa kidogo tu, kisha anakuwekea.

Mwanzoni hawakupaka rangi kabisa. Walikwangua singa za nje, wakapiga msasa, wakapaka mafuta ya nazi mpaka kifuu kikawa na weusi wa mpingo, wakauza kama bakuli za kuwekea karanga au vyombo vya sabuni. (Msasa, kwa waliozoea ule wa karatasi wa dukani, asili yake ni mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa pwani waliyatumia kusugulia mbao. Shangazi bado anayo matawi mawili matatu uani, na kwa kazi ya mwishomwisho anayaamini kuliko karatasi.) Vilinunuliwa, lakini polepole.

Rangi ililetwa na kijana wa mwanakikundi mmoja aliyekuwa amejifunza kuchora Tingatinga. Hii ni sanaa iliyochukua jina la Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora wanyama na ndege mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Oysterbay, Dar es Salaam. Alifariki 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake wakaiendeleza mpaka ikajaa kwenye maduka ya watalii. Aliichora kwa rangi ya mafuta, ileile inayopakwa milango na baiskeli, juu ya vipande vya bodi ngumu. Yule kijana akachukua rangi hiyohiyo na wanyama haohao, akawahamishia kwenye kifuu. Siku ile ya kwanza, anasema shangazi, walikaa uani wakakitazama kama wanaotazama mtoto mchanga. Waliamua palepale kwamba Sabasaba watakwenda na vifuu vya rangi, na kwamba hata vile vya zamani vilivyokuwa havijanunuliwa vitapakwa.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo wa kisa, ila kwa wakati ule hakuna aliyeisikia hivyo.

Rangi ilisingiziwa

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa muuza rangi. "Katuuzia feki," ndiyo ilikuwa hukumu ya banda zima, pamoja na jirani zetu wa batiki ambao hawakuhusika. Nami niliafiki. Mjini ni rahisi kuamini kwamba umeuziwa kitu cha bandia.

Lakini shangazi alikuwa amekalia ushahidi. Kigoda chake kilipakwa bluu kutoka kwenye mkebe uleule, wiki ileile, na yule kijana yuleyule. Akakikwangua kwa ukucha, kisha kwa funguo. Hakikutoa hata chembe ya vumbi. Kama rangi imeshika kwenye mbao na imekataa kwenye kifuu, basi neno liko kwenye kifuu.

Swali la pili lilikuwa zuri zaidi, na aliliuliza yeye: kwa nini si vyote? Theluthi moja ilikuwa imeshika vizuri kabisa. Tukavitenga. Jioni, tulipovigeuza chini kutazama alama (kila mwanakikundi huchora alama yake ndogo kwenye kitako ili ajue chake kikinunuliwa), karibu vyote vilivyoshika vilikuwa vya mtu mmoja, mwanakikundi mpya aliyejiunga wakati uamuzi wa rangi umeshapita. Yeye hakuwa na vifuu vya zamani. Alianza na vibichi, akavisugua, akavipaka rangi moja kwa moja. Wenzake walipaka rangi juu ya vifuu ambavyo miezi kadhaa kabla waliving'arisha wenyewe kwa mafuta ya nazi.

Maelezo kamili tuliyapata baada ya maonesho, ufukweni Bagamoyo, kwa fundi mmoja mzee wa majahazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Jahazi gani hilo umeniletea, dogo hivyo?"

Shangazi akamweleza. Mzee hakukwangua. Alichana kipande cha karatasi ya kaki, akakifunga juu ya kifuu kisichopakwa rangi, akakiweka juani na kuendelea na kazi yake ya kukalafati, kuziba nafasi kati ya mbao. Baada ya muda akakifungua na kuiinua karatasi juu. Ilikuwa na doa linalopitisha mwanga, kama karatasi ya kufungia maandazi.

"Hiki kimelewa mafuta," akasema. "Ubao ukishaupaka sifa, usiulazimishe rangi."

Sifa ni mafuta ya ini la papa ambayo mafundi wa vyombo hupaka mbao za juu ya maji zisipasuke. Chini ya maji hupaka deheni, chokaa iliyokandwa na mafuta. Mzee ameishi na mafuta na mbao maisha yake yote, na alichokisema kina sababu unayoweza kuiona nyumbani kwako. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo, kwa maji kutoka tu. Tina, ile ya kuzimulia rangi, ikisharuka, mafuta yaliyomo kwenye rangi huvuta hewa na kugeuka polepole kuwa ngozi ngumu. Mafuta ya kitani yana tabia hiyo. Mafuta ya nazi hayana. Yapake kwenye kioo, yaache mwezi, utayakuta bado yanateleza. Tena yanabadilika kwa joto: chini ya nyuzi 24 hivi huganda, ndiyo maana asubuhi za kusi (msimu wa upepo wa kusini) chupa ya mafuta ya nazi huwa nyeupe na mchana inarudi kuwa maji. Sasa fikiria ngozi ya rangi iliyokaa juu ya utando wa namna hiyo, unaoganda alfajiri na kuyeyuka adhuhuri. Haijashika kifuu hata siku moja. Imeelea.

Bodi ya Tingatinga haina tatizo hili, maana ni kavu na inanywa rangi kidogo. Kifuu ni kigumu, kimebana, na kikishapigwa msasa laini kinakuwa kama kioo. Hata kisicho na mafuta kinahitaji kukwaruzwa ili rangi ipate pa kushikilia. Walichokifanya akina shangazi ni kukilainisha kadiri ya uwezo wao, wakakipaka mafuta, kisha wakakitaka kishike.

Magazeti, na kuvu

Hata vile vilivyoshika havikuwa salama, na hapa ndipo ninapoingia mimi. Nilifika Bagamoyo kesho yake tu baada ya vifuu vya mwisho kupakwa. Nilivigusa, vidole havikuchafuka, nikasema vimekauka. Nikavifunga kimoja kimoja kwenye magazeti, nikavipanga viroba viwili, vikaja Dar juu ya gari kwenye jua. Kukauka kwa kugusa na kukauka kwa kubanwa ni vitu viwili. Tulipofungua, karatasi ilikuwa imeng'ang'ania. Kuna pundamilia mmoja aliyetoka na nusu ya kichwa cha habari tumboni, herufi zimegeuka kinyume kama za kwenye kioo. Niliipangusa kwa kitambaa chenye tina na tumbo likaondoka lote.

Tatizo la tatu lilikuwa ndani ya vifuu. Kazi kubwa ilifanyika Mei, masika bado hayajaisha, na mbuzi ya kukunia haimalizi nyama yote. Unabaki utando mweupe karibu na macho na ile ngozi ya kahawia. Kwa ndani walipaka rangi nyeusi moja kwa moja juu ya hivyo. Unyevu ukafungiwa, kuvu ikaota chini ya rangi, rangi ikatoa malengelenge. Ukikinusa kifuu kama hicho unapata harufu ya mbata iliyochacha. Vilikuwa vichache, lakini nazi mbovu harabu ya nzima: harufu ya vinne ilitosha kwa meza yote.

Wanavyofanya sasa

Vifuu vilivyopakwa mafuta havikutupwa wala havikupakwa rangi tena. Viliondolewa kwenye kazi ya rangi kabisa, vikarudishwa kuwa vile vilivyokuwa, vyombo vya kung'aa visivyo na picha. Walijaribu kuvichemsha kwa sabuni na magadi ili wavisafishe. Baadhi vilikubali, vingine vilipasuka. Kwa kazi hiyo yote, kifuu kipya ni rahisi zaidi.

Kwa rangi wanachukua nazi iliyokomaa tu. Kifuu cha dafu ni laini, kikikauka kinajikunja. Nazi inapasuliwa kwa msumeno wa chuma, si kwa mgongo wa panga, kwa sababu panga linaacha ukingo wenye meno na nyufa ndogo usizoziona mpaka rangi ikauke. Nyama inatolewa, kifuu kinalazwa usiku kucha kwenye maji ya sabuni, asubuhi kinakwanguliwa ndani kwa kisu kifupi mpaka ile ngozi ya kahawia iishe. Halafu kukausha, na hapa ndipo subira inapopimwa: kivulini, vimetungwa kwenye kamba ili hewa ipite, wiki moja wakati wa kusi na mbili au zaidi wakati wa masika. Juani ni haraka, lakini nje hukauka kabla ya ndani na kifuu kinaalika usiku, mlio unausikia chumbani.

Msasa unaanza na namba 60 kuondoa singa, unakuja 120, na unaishia hapohapo. Zamani walikwenda mpaka 240 kwa sababu ni raha kugusa. Sasa raha hiyo inaachiwa sehemu isiyopakwa. Vumbi lake ni jembamba na linakaa kifuani, kwa hiyo wanavaa barakoa na wanafanyia nje. Baada ya msasa, kitambaa chenye tina kinapita mara moja, na kuanzia hapo hakuna kukigusa kifuu kwa mkono mtupu. Mwanakikundi aliyetoka kupaka nywele mafuta hafanyi kazi hiyo siku hiyo. Sheria hii imezua ugomvi kuliko zote, na ndiyo sheria yenye maana kuliko zote.

Inafuata praima, kisha rangi mikono miwili myembamba, siku nzima kati ya mkono na mkono, kisha vanishi. Kijana amehamia zaidi kwenye rangi za akriliki, ambazo huchanganywa na maji, hukauka upesi na hazinuki. Ni ghali kidogo, na weusi wake haung'ai kama wa rangi ya mafuta, jambo analolilalamikia mpaka leo. Lakini vinavyokwenda mikononi mwa watoto lazima viwe vya rangi isiyo na risasi, na manjano na nyekundu kali za rangi ya mafuta ndizo zilizosifika kwa kuwekewa risasi, kwa hiyo mkebe unasomwa kabla ya kununuliwa. Ndani hakupakwi kitu. Anayetaka kulia uji humo apake mafuta ya nazi mwenyewe, ndani, mahali ambapo hayadhuru rangi ya mtu.

Vifungwe vipi? Wiki mbili baada ya vanishi, kwa vipande vya kanga kuukuu. Magazeti siyashiki tena.

Katikati ya mjadala huu mtu alipendekeza waongeze maganda ya korosho, maana ni madogo na yangefaa kwa hereni. Mwanakikundi mwenye kwao Mtwara alikataa hata kabla mwenzake hajamaliza. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Wabangua korosho huyajua kwa vidole vyao. Likafungwa hilo.

Mezani

Rangi ingeshika, bado mauzo ya siku ile ya kwanza yalikuwa mabaya, na sababu haikuwa kubanduka. Tulikuwa na robo ya banda. Tulitandika kanga nyekundu yenye maua makubwa, tukamwaga vifuu vyote juu yake, themanini na zaidi, picha juu ya picha. Kifuu kitako chake ni duara. Mtu akiinua kimoja, vitatu vinabingirika, twiga anatazama chini, mnyama mwingine anaanguka sakafuni. Watu wakawa wanaogopa kugusa. Jua la alasiri nalo likaingia upande ule na rangi ambazo hazijakomaa zikaanza kunata.

Lakini lililonifungua macho ni swali. Kama watu watano hivi waliuliza, kwa nia njema kabisa: "Hii ni plastiki?" Tulikuwa tumepaka nje, ndani na ukingo. Hakukuwa na sehemu hata moja ya kifuu iliyobaki ya kuonekana. Tumekwenda kuuza nazi huku tumeificha.

Mwaka uliofuata shangazi alipanga meza kwa namna yake. Kanga iliondolewa, kikatandikwa kitambaa cha marekani kisicho na ua. Upande wa kushoto aliweka nazi na makumbi yake, kisha nazi iliyofuliwa, kisha kifuu chenye singa, kisha kilichopigwa msasa, kisha kilichochorwa nusu, na mwisho kilichokamilika. Hakuandika maelezo yoyote. Watu walikuwa wanatembea na kidole kutoka kushoto kwenda kulia na kujieleza wenyewe, baba anamwambia mtoto, mtoto anamwambia mama. Pembeni kulikuwa na kifuu kibichi na kipande cha msasa kwa yeyote atakaye kusugua. Kilisuguliwa mpaka kikatoboka.

Kuhusu kubingirika, suluhisho lilitoka kichwani, kwa maana halisi. Alisokota kamba ya usumba, ile inayotokana na makumbi yaliyozikwa mchangani pwani mpaka yakaoza, akatengeneza kata ndogo kama zile za kubebea ndoo. Kila kifuu kikakaa juu ya kata yake. Mzee mmoja aliyepita akacheka: "Kata juu ya kata!" Kwa sababu kifuu chenye mpini nacho ni kata. Alinunua viwili kwa ajili ya huo mchezo wa maneno tu.

Mezani viliwekwa ishirini, vingine vikakaa chini ndani ya tenga. Kikinunuliwa kimoja, kinapanda kingine. Ukingo na ndani viliachwa vitupu, na kwa vile vya nusu yenye macho matatu, macho yaliachwa bila rangi. Haya macho ndiyo yaliyouza. Kijana alichora pweza ambaye macho ya nazi ni macho yake mwenyewe, na watoto hawakutaka kingine.

Hapo ndipo tunapotofautiana, mimi na shangazi. Kwa maoni yangu twiga angeachiwa bodi, na kifuu kingebebeshwa vitu vyake: pweza, ngalawa, nakshi za milango, mistari ya mkeka. Twiga yuko kwenye kila meza ya maonesho, na kwenye kifuu shingo yake inapinda vibaya kwa sababu ya duara. Shangazi anasema twiga ndiye anayelipa ada za watoto, na mimi nikitaka nakshi nije nizichore. Tulihesabu pamoja mwisho wa maonesho. Twiga waliongoza, pweza wakafuata kwa karibu, na nakshi nilizozipigania zilibaki tenga nusu.

Kile kifuu cha kwanza kilichorudishwa hakikutupwa. Kiko uani Bagamoyo, juu ya rafu ya brashi, twiga wake amebaki miguu tu. Mwanamke akija kuomba kujiunga na kikundi, kabla hajaambiwa habari ya akiba wala zamu, shangazi anamkabidhi hicho kifuu na kumwambia akwangue.